Gari la Kasi Lililobaki Uani

Asubuhi za utoto wangu zilianza na harufu ya petroli. Kabla jogoo wa jirani hajatulia, Baba alikuwa ameshaketi ndani ya gari lake jeusi, injini ikinguruma taratibu uani kwetu Gahanga, Rwanda. Hakuwa akienda popote. Alisema injini yenye turbo, kile kifaa cha kuiongezea nguvu, haiamshwi kwa fujo. Huachwa ipate joto, kama mtu aliyetoka usingizini. Moshi mwembamba ulipenya chini ya mlango wa jikoni ukachanganyika na mvuke wa chai ya maziwa, na hadi leo nikinusa petroli kwenye baridi ya asubuhi mate hunijaa mdomoni, nisijue nina hamu ya chai au ya safari.

Baba aliuza vioo vya madirisha. Alilelewa Bujumbura, Mama alilelewa Ngara, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kwa hiyo ndicho kilichobaki kuwa lugha ya nyumba yetu. Gari lile lilikuwa na milango miwili, limekaa chini kabisa, na bomba lake la moshi lilitosha kuingiza ngumi yangu. Jumamosi tulikwenda nalo Gatsata, kwenye gereji, na mafundi waliacha kazi zao kuja kulifungua boneti na kulitazama. Hapo Baba, ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa machache, alizungumza mpaka koo likamkauka. Gari la gia za kujibadilisha zenyewe ni la wavivu. Springi laini humdanganya dereva, zikamfanya adhani barabara ni nzuri. Tairi pana bila breki za maana ni sawa na viatu vipya kwa mlevi. Nilikuwa na miaka tisa na niliyakariri yote hayo kama katekisimu.

Kilichonichanganya ni namna alivyoendesha. Mtu aliyesifu kasi tangu Jumamosi hadi Jumamosi aliliendesha gari lake kama maandamano ya mazishi. Kwenye mteremko wa kuelekea mjini tulipitwa na mabasi madogo, tukapitwa na pikipiki zenye abiria, na siku moja tulipitwa na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, mwenyewe akitupungia mkono. Usukani ulikuwa kulia, kama magari mengi yaliyokuja wakati ule kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, na sisi Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara; kwa hiyo tukiwa nyuma ya lori Baba hakuona mbele, na mimi niliyekaa kushoto ndiye niliyekuwa macho yake. Aliniuliza kama njia iko wazi. Nilimwambia iko wazi. Akaitikia kwa kichwa, akabaki nyuma ya lori vilevile, tukavuta moshi wake hadi Kicukiro. Nilipomuuliza kwa nini hapiti, alinijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Moyoni nilijiuliza: kama baraka ziko kwenye taratibu, turbo ni ya nini?

Kisha alikuwapo Mjomba Deo, mdogo wake Mama, mwenye gari dogo kuukuu la milango minne, rangi imebabuka, kiti cha nyuma kimezama katikati kama kitanda cha kamba. Deo hakujua hata nguvu ya injini yake. Baba alipoanza habari za turbo, yeye alicheka na kusema mchagua jembe si mkulima. Lakini lile kopo lake alilikimbiza kwenye barabara za udongo mpaka kuku wa Gahanga walilijua kwa mlio. Basi mimi nikabaki katikati. Mwenye gari la kasi hakimbii, mwenye gari la kubebea viazi anakimbia. Nani kati yao alikuwa dereva? Shuleni niliwatetea wote wawili kwa siku tofauti.

Mchana mmoja wa masika, Mjomba akiwa amekuja kula kwetu, uchungu wa uzazi ulimshika Mama kabla ya wakati wake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na njia ya kutoka kwetu ilikuwa tope jekundu. Baba alitoka mbio, na nikasikia injini ya gari jeusi ikiwaka bila kungojewa ipate joto. Nakumbuka furaha iliyonipanda, ambayo naona aibu kidogo kuieleza: nilidhani siku ya gari letu imefika. Baba alifungua mlango, akakisukuma kiti nyuma mpaka mwisho, akaja kumshika Mama mkono. Mama alisimama kizingitini, akalitazama gari, akatikisa kichwa.

"Hiyo iko chini, na iko ngumu kama benchi," alisema. "Kila jiwe nitalisikia tumboni. Tunaenda na ya Deo."

Mjomba tayari alikuwa anakimbilia usukani wake. Mama akamwita.

"Deo, mpe funguo. Baba Diane ndiye ataendesha," alisema, akimwita Baba kwa jina langu.

Mjomba akampa Baba funguo. Mama alilala kwenye kile kiti kilichozama, kichwa chake mapajani mwangu, na Mjomba akakaa mbele, mguu wake ukikandamiza sakafu kana kwamba anakanyaga mafuta. Baba alilipeleka gari lile lisilo lake kwa uangalifu ambao sijauona tena. Alilizunguka kila shimo, akaingia kwenye madimbwi kama anayeshusha kioo kwenye fremu, na kila tuta alilipanda gurudumu moja moja. Mjomba alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kanyaga." Mama, akiwa amefumba macho, akamjibu amwache Baba aendeshe. Mimi nililia kimya. Niliamini mama yangu atakufa ndani ya gari bovu, linaloendeshwa polepole, wakati gari la kasi limebaki uani likinyeshewa.

Tulifika hospitali ya Kibagabaga. Wauguzi walimchukua Mama, na kabla giza halijaingia mdogo wangu Ineza alikuwa amezaliwa, mdogo kama paka, analia kwa nguvu zake zote. Mama alikuwa salama. Kesho yake nilimkuta Baba ameketi ndani ya gari jeusi, injini imezimwa, mikono juu ya usukani. Nilimuuliza kwa nini Mama amelikataa gari letu.

"Mama yako hakukataa kitu," alisema. "Alichagua dereva."

Nilitaka kufurahi, ila uso wake haukufanana na maneno yake. Na miezi haikupita mingi akaliuza, akaleta gari la familia, refu, la gia za kujibadilisha zenyewe, springi laini kama godoro. Hapo ndipo mambo yalipozidi kunivuruga, maana gari hilo alilikimbiza. Alipita malori, alipita mabasi, Mama akimwambia "buhoro, buhoro", yaani polepole, huku amemkumbatia mtoto. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Pengine lile la kwanza alilipenda mno kulichosha, na hili hakulionea huruma. Pengine alikuwa na hasira. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na moyo wa baba yangu sikuwahi kuulalia.

Leo Gahanga ina lami na nyumba za ghorofa mahali palipokuwa mashamba ya maharage. Kamera za barabarani zinamlazimisha kila mtu kuendesha kama Baba wa zamani, na yapo magari ya umeme yanayoondoka kwa kasi kushinda turbo yoyote, kimya, bila harufu. Nina gari langu la kasi, gumu kama benchi. Kwa safari za kila siku, kwenye vilima na matuta ya mji huu, halina faida yoyote, nami huwaambia hivyo wanaoniomba ushauri. Kisha Jumapili naliosha kwa mikono yangu. Mwezi uliopita Ineza alipata leseni akanunua kigari cheupe cha kawaida kabisa. Nilianza kumweleza habari za springi na breki, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema anataka tu kufika kazini. Aliwasha, akatazama vioo vyake, akaondoka. Nilisimama getini nikimtazama akikata kona, nikamwonea wivu.