Picha ya Ukuta wa Kaskazini

Nilipokwenda Garissa kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu biashara ya maziwa, katikati ya miaka ya tisini, nilibeba kitu kimoja ambacho utafiti haukukihitaji: picha iliyotiwa fremu, nakala ya kazi ya msanii aliyeanzia kwenye kuta za mitaa ya ughaibuni, hadi wachoraji wa nchi nyingi wakamwiga. Ndani yake watu watano wasio na nyuso walicheza, wamechorwa kwa mistari minene myeusi, na chini yao mbwa alibweka. Dada yangu, aliyenilea, aliinunua alipokuwa masomoni huko, akanitumia. Alifariki miezi minne kabla ya safari yangu.

Nilipanga chumba mtaa wa Iftin. Picha niliitundika ukuta wa kaskazini baada ya kuchunguza kwa siku mbili jinsi jua lilivyoingia, ili rangi zisififie.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeuza maziwa ya ngamia. Nilimwita habo, yaani mama mdogo, kama walivyomwita majirani; yeye aliniita abaayo, yaani dada. Kila alasiri nilimkaribisha chai. Aliipokea kwa shukrani, akainywa akiwa amesimama nje ya kizingiti, akarudisha kikombe. Kwa miezi miwili hakuna mtu aliyeketi chumbani mwangu, na hakuna nililotamani zaidi ya mtu kuketi humo.

Niliandika daftarini sababu tatu zinazowezekana: kwamba mimi ni Mkristo wa kutoka bara, kwamba nauliza mno habari za maziwa, kwamba msiba humwacha mtu na harufu ambayo wengine huisikia. Ya tatu niliifuta kwa kuwa haipimiki. Baadaye niliiandika tena.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mabati ya habo yalivuja hadi sakafu yake ikawa tope. Alasiri ya siku ya tatu alikuja mlangoni pangu, ametawadha, mkeka kwapani, akasimama.

“Ingia, habo. Huku ni kukavu.”

“Nataka kuswali, abaayo. Lakini kibla iko hapo.” Alielekeza kidevu kaskazini. “Na hapo iko bicha yako.”

Nilitazama ukuta niliouchagua kwa uangalifu wote ule.

“Malaika haingii nyumba iko na bicha ya mtu,” akasema.

“Hawana macho, habo. Hawana pua wala midomo.” Nilijisikia kama ninayetetea tasnifu. “Ni mistari tu.”

“Mistari inacheza?” Akaiangalia vizuri. “Na umbwa je? Wewe uliona mtu hakutoshi, ukaleta na umbwa.”

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka kabla sijajizuia. Akauliza ni nani aliyenipa. Nikamwambia. Akauliza yuko wapi sasa. Hilo nalo nikamwambia. Akasema Mungu anipe subira, kisha akaingia, akatoa shali kubwa aliyokuwa amejitanda juu ya hijabu yake, akaifunika picha yote hadi chini ya fremu. Akatandika mkeka.

Nilikaa kitandani nikimsikiliza. Alipomaliza alikaa palepale mkekani, akanywa vikombe viwili vya chai, akalalamikia tangawizi yangu kuwa kidogo na kunieleza jinsi mumewe alivyokuwa akikoroma. Saa nzima ilipita. Alipoondoka alichukua shali yake, kwa sababu nje kulikuwa na baridi, na wale watano wakaonekana tena.

Kesho yake, kabla ya alasiri, niliifunika picha mwenyewe kwa shuka yangu ya pili. Nilisaga tangawizi ya kutosha. Niliufungua mlango, nikaketi.

Hakuja. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, fundi alikuwa ameziba mabati, na kupitia ukutani nilimsikia akiswali kwake. Baadaye alipita, akanisalimu, akapokea chai, akainywa nje ya kizingiti kwa sababu wateja walikuwa wakimsubiri. Sidhani kwamba aliiona shuka.

Sikuiondoa. Kuna jioni nilizotaka sana kumtazama dada yangu kupitia mistari ile, nikashika pindo la shuka, nikaanza kupima: nikiifunua sasa, nitakumbuka kuifunika kesho? Na ikiwa atakuja siku nitakayosahau? Nililiachia pindo. Niliishi miezi mitano iliyobaki nikitazama kitambaa cheupe, mlango ukiwa wazi kila alasiri.