Swichi Iliyokwama

Fundi redio mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio, aliitwa nyumbani kwa mwalimu wa kwaya aliyestaafu. Mzee huyo alikuwa na nyimbo za marehemu mkewe kwenye kompyuta, na visanduku viwili vya kugeuza data hizo kuwa sauti: chake cha zamani, na kipya alicholetewa na binti yake. Alitaka kujua kipi kinaimba vizuri zaidi.

Masikio alipanga vyombo sebuleni, akamwambia afumbe macho. Akapiga wimbo kwa kisanduku cha zamani, akabonyeza swichi ya kuhamia kipya, akaurudia.

"Hapo!" Mwalimu akashtuka. "Namsikia anavuta pumzi kabla ya ubeti! Fundi, hiki kipya ni kiboko!"

Machozi yakamtoka. Masikio akachungulia nyuma ya kabati. Taa iliyokuwa inawaka ni ya kisanduku cha zamani. Swichi ilikuwa imekwama. Mara zote mbili kilichoimba ni kilekile. Alifungua mdomo aseme, akamwona mzee anavyojifuta macho kwa kiganja, akaufunga. Akaisukuma swichi kwa nguvu mpaka ikaitika.

"Chukua hicho cha zamani, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Mimi sikihitaji tena."

Kile kisanduku kikakaa karakanani wiki mbili kikimsuta. Mteja akimsifia masikio yake, yeye anaona kama anatukanwa. Mkewe alipomuuliza kulikoni, mbona chakula anakitazama tu, akamweleza.

"Sasa unangoja nini?" mkewe akasema. "Mrudishie mzee wa watu chombo chake."

Akaenda, akamwamkia, akakiweka mezani, akasema yote bila kupepesa macho. Alijiandaa kufokewa. Mwalimu hakufoka.

"Kwa hiyo ile pumzi ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwepo, Mwalimu."

Mzee akakaa taratibu. "Miaka sita nazipiga nyimbo zake huku nafagia, huku naongea na simu. Siku ile ndiyo nilikaa nikamsikiliza."

Masikio akatamani ardhi ipasuke. Alikuja kujitua mzigo, kumbe amemtwisha mwenzake. "Nisamehe, Mwalimu."

"Wewe huna kosa kubwa," mzee akajibu. "Vuta kiti. Ziko nyimbo kumi na moja."

Wakazisikiliza zote. Hakuna aliyeuliza ni kisanduku kipi kinachoimba.