Karatasi Iliyopima Adabu

Wasomaji wangu, mwalimu wa ushauri wa sekondari ya huku kwetu Igurwa amefariki, tumemzika Jumamosi, nami nimerudi nyumbani na hasira. Mkubwa mmoja alisimama pale kaburini akamsifu eti alisimamia vizuri vipimo vya vipaji. Nani? Mtu aliyegombana na vipimo hivyo mpaka akaitwa mkorofi!

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kahawa ya baba ilitaka mikono, lakini hili nililiona mwenyewe. Wataalamu walikuja kutoka mjini na makaratasi ya maswali, wapime kidato cha nne nani anafaa kazi gani. Asubuhi moja tu, wakaondoka. Mjukuu wangu tangu mdogo hufumua redio yangu akairudishia ikalia, ila karatasi ikasema anafaa kupokea wageni hotelini. Nami, mjinga, nikafurahi: viatu safi, kivulini! Nimeshika kalamu niweke sahihi ya mzazi, mwalimu akashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mzee. Usisaini kwanza." Akamgeukia binti, yule mjukuu wangu. "Unapenda kupokea wageni?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kufuga nyuki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kuchapwa viboko?"

"Ndiyo... aa, mwalimu, jamani!"

Bibi yake alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu hakucheka. "Mzee, hapa kwenu mkubwa akiuliza, mtoto anajibu ego, ndiyo. Darasa zima limejaza ndiyo kila mstari. Wamepima adabu, na sasa wote wanapelekwa hotelini. Hizo hoteli ziko migombani kwa nani?"

Akauliza upya, safari hii mambo mawili mawili, lazima achague moja. Kupokea mgeni au kutengeneza redio? Binti akanitazama mimi. Mwalimu akasema taratibu, "Mzee, tupishe." Kufukuzwa kwenye nyumba yangu! Nikatoka nimenuna. Niliporudi, binti alikuwa ameshasema: umeme. Leo yuko chuo cha ufundi.

Wenzake je? Mwalimu aliomba wapimwe tena, akajibiwa karatasi zimeshagongwa mihuri. Hakuweza kupanda bodaboda kwenda kwa kila mzazi. Ndiyo maana sifa za Jumamosi zilinichoma.

Kupima sikukatai, yeye mwenyewe alipima. Lakini anayempima mtoto asiyewahi kuruhusiwa kusema hapana ampe kwanza ruhusa hiyo. Na sisi tuliomzaa, tukiona anatutazama kabla ya kujibu, tunyanyuke tutoke.