Kimya cha Hatua Nne: Safari ya Kamanyola kwa Orkestra Mgongo

Nilitoka Uvira kwa hasira, niseme ukweli tangu mwanzo. Alhamisi nilikuwa nafua nguo za mtoto, nyumbani Mulongwe, redio ya jirani ikapiga wimbo mpya wa Orkestra Mgongo. Gitaa liko, batri ya ngoma iko, tarumbeta iko. Besi hakuna. Pale katikati ya wimbo, ambapo wote hunyamaza na besi ya baba yangu inajibu peke yake hatua nne, nilisikia kimya kitupu. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha wimbo ukaendelea kama vile hakuna mtu aliyewahi kusimama pale.

Kwa wasiowajua: Orkestra Mgongo ni watu wa kupiga nyuma ya wengine. Mwimbaji alitoka Bukavu au Bujumbura bila hata mpiga ngoma mmoja, wakafanya naye repetisyo, yale mazoezi, asubuhi, jioni watu wakacheza mpaka viatu vikakatika. Wao ndio walioleta fanki kwenye bonde hili la Ruzizi, ule muziki ambao besi na batri zinakukamata kiuno kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kwenye kaseti liliandikwa jina la mwimbaji. La kwao, hapana. Baba yangu walimwita Kamba Nne, kwa sababu ya nyuzi za besi, na hata hilo halikuandikwa popote.

Alikufa miaka mitatu iliyopita. Barabara ilikuwa imefungwa, na hakuna hata mmoja wao aliyefika kumzika. Tangu hapo sikutaka kusikia wimbo wao wowote. Gitaa lake la besi lilibaki kwa orkestra, Kamanyola. Nikajisemea: hawakumlilia, na sasa wamemfuta. Basi naenda kuchukua gitaa la baba.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilikuwa stendi ya Kavimvira na mwanangu Neema mgongoni, miaka miwili, mzito kama gunia. Chofa wa taxi alinitazama.

"Mama, hiyo sura unaenda kuua muntu?"

"Nitajua nikifika. Endesha."

Saa tatu, Runingu, tairi likapasuka. Chofa alipokuwa amelala chini ya gari, nilisogea kwenye kanisa dogo la matofali ambako korali ilikuwa inajifunza. Walikuwa wanaimba wimbo wa Mungu kwa mwendo wa Orkestra Mgongo, nikautambua mara moja. Kufika katikati, korali nzima ikanyamaza. Wasichana ishirini walisimama mguu mmoja juu, hatua nne, bila hata kukohoa. Kisha wakashuka wote pamoja, na sakafu ikalia.

Nilimuuliza msichana wa mbele: "Mbona pale mnanyamaza?"

Akanishangaa, lakini kwa heshima, kama kwa dada mkubwa. "Yaya, muziki wa kwetu iko vile. Pale watu wanangoya."

"Mnangoja nini?"

"Minye sijui. Tuliikuta hivyo."

Saa tano tukasimama Sange, mpunga umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Redio ya kinyozi ilikuwa inapiga wimbo wa vijana ambao hata sauti zao hazijakomaa. Gitaa lilikuwa la mashine. Lakini katikati, kimya kilekile, na mteja kwenye kiti alikuwa anahesabu kwa kidole chake gumba. Sikujua tena kama nina hasira au naogopa. Nikaamua ni hasira, hiyo naijua.

Saa saba na nusu, Kamanyola. Muzee Alimasi, mpiga batri na mkubwa wa orkestra, anatengeneza pikipiki. Nilimkuta mikono imejaa oili. Sikumsalimia.

"Nimekuja kuchukua besi ya baba."

Akasimama polepole. "Weye ni mtoto mukubwa wa Kamba Nne."

"Ndiye. Yule ambaye hamkumfikia kwenye matanga."

"Tulituma chofa," alisema. "Mara mbili. Haukumusikiliza?"

Hapo nikakumbuka. Chofa mmoja alikuja kweli, akaanza, "Watu wa orkestra wanasema..." Nilimrushia maneno mpaka akakimbia kabla hajamaliza. Wa pili sikumfungulia mlango.

Muzee aliniingiza ndani. Gitaa lilikuwa kwenye kiti, kiti cha peke yake, limefunikwa kitenge. Akanieleza kwa kifupi, kama mtu aliyechoka kungoja. Kwao, mwenzao akifa, chombo chake hakiguswi na sehemu yake haijazwi mpaka mtoto wake mkubwa aje kuondoa matanga mbele ya vyombo. Anakunja kitambaa mwenyewe na kumtaja atakayepokea, au anabeba chombo na nafasi inabaki wazi milele.

"Miaka mitatu tunapiga na shimo," alisema. "Waimbaji wengine walitukimbia. Wanasema, orkestra gani hii haina besi? Tukawaambia, iko. Mwenyewe hajafika."

Mpokeaji waliyemtayarisha alikuwa palepale, Feza, fundi wa cherehani, mwanamke wa umri wangu. Hajawahi kuligusa lile gitaa. Alijifunza kwenye meza ya cherehani kwa kufunga lastiki nne juu ya ubao, huku anasikiliza kaseti za zamani.

"Nifanyie, nisikie," nilimwambia, na sikusema kwa upole.

Feza akafumba macho, vidole mezani, akaimba besi kwa mdomo. Du-dum, du, du-dum. Alikuwa hata na kule kuchelewa kidogo kwa baba, ambako mama alikuwa anamtania kwamba ni uvivu. Neema akaanza kurukaruka mgongoni kwangu. Mimi nikakaa chini kwenye tairi la pikipiki.

Saa kumi orkestra ilikuwa inapiga harusi uwanjani. Mbele ya vyombo vyote nilikunja kile kitenge. Bado ningeweza kubeba gitaa na kuondoka, ni haki yangu. Muzee alinitazama bila kunisukuma. Nikamvika Feza mkanda begani. Nikasema, "Kamba Nne ameondoka. Piga, weye."

Walipiga. Ilipofika katikati, wachezaji wote wakasimama mguu juu, wakangoja kimya chao. Besi ikajibu. Watu wakapotea kabisa! Vijana waligongana, bwana harusi alikanyaga gauni, mtu akapiga kelele, "Nani anaharibu?" Muzee Alimasi alicheka mpaka akaangusha kijiti kimoja. Halafu mama mmoja mzee, mwenye sahani ya wali mkononi, akaweka sahani chini na kuanza kulia na kucheza kwa pamoja. "Amerudia! Besi imerudia!"

Jumapili, saa tatu, nilikuwa njiani kurudi Uvira, Neema amelala mapajani, mikono yangu mitupu. Mtaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba bonde zima, makanisa, vinyozi, mpaka vijana wasiojua jina lake, walimnyamazia baba yangu hatua nne kila wimbo kwa miaka mitatu. Na mtoto wake mwenyewe, aliyepaswa kujua kwamba ule ulikuwa msiba, ndiye aliyeukasirikia.