Kadi ya Riziki Niliyoirusha Kwenye Grupu

Leo nimemliza mwanangu, na uso wangu sijui niuweke wapi.

Binti yangu Riziki alinitumia kwenye simu kadi ya kuwaambia watu watunze tarehe ya harusi yake. "Mama, watumie mashangazi tu."

Mimi nikaiona nzuri mno! Nikairusha kwenye grupu la kina mama wa kanisa letu, hapa Blacktown, Sydney. Nikaandika, "Wote mnakaribishwa." Nikaingia kazini.

Natoka, nakuta wameshachagua kitenge cha sare. Hata wapishi wamejigawa.

Habari zikamfikia Riziki, akapiga. "Mama, ukumbi ni wa watu themanini, na wameshatimia."

Hakunigombeza. Alilia tu. Heri angenigombeza.

Nikaanza kuandika ujumbe wa kuomba radhi. Kabla sijautuma, ikaingia picha ya Mama Neema, aliyetupikia ugali wetu wa kwanza tulipofika Sydney. Amejifunga kitenge, anacheka. "Mama Riziki, nimekuwa wa kwanza kununua! Mtoto wetu anaolewa!"

Kwenye orodha ya wageni hayumo.

Jamani, mtu kama huyo unamwambiaje asije? Nimeandika na kufuta mara tano. Ninyi mlio mbali, nipeni hata neno la kuanzia.