Kikomo Nilichomwekea Baba

Siku ya ndoa ya mdogo wangu wa kike, baba alikuwa Muscat na shehe alikuwa sebuleni kwetu, Mlingotini. Mwajiri alikuwa amemnyima baba ruhusa ya kuja. Shehe alikubali baba mdogo aozeshe kwa niaba yake, kwa sharti moja: baba mwenyewe asikike akimfanya mdogo wake wakili, kwa sauti isiyo na shaka.

Baada ya alasiri tukampigia simu ya video. Picha ikaja vipande vipande. Tulisikia "nipo stoo, nimetoroka kidogo," kisha "nime... binti ya..." halafu akaganda.

"Hayo si maneno kamili," shehe akasema kwa upole. "Na mimi nasubiriwa Bagamoyo mjini kabla ya magharibi."

Wote wakanigeukia, maana mtandao wa nyumba ulikuwa mikononi mwangu. Miaka miwili nyuma nilikuwa naandika riwaya, na ndugu zangu walikuwa wakimaliza spidi yote kwa kutazama video. Nikaweka faiawoli, mlinzi wa mtandao, kwenye kompyuta pepe, ile isiyo na mwili, inayoishi ndani ya laptopu yangu kuukuu. Intaneti yote ya nyumba ilipita hapo. Nikaweka kikomo cha spidi: kila simu megabiti mbili kwa sekunde. Nilipima kwa simu yangu, peke yangu, zikaja mbili kamili. Nikarudi kwenye riwaya.

Sasa niliifungua sheria ya kikomo kile, nikaisoma. Haikusema kila simu. Ilisema nyumba nzima igawane megabiti mbili, na siku hiyo nusu ya wageni walikuwa wakirusha picha za maharusi. Siku ile ya kupima, nyumba nzima nilikuwa mimi.

Nikarekebisha, kila simu ipate fungu lake. Nikahifadhi, nikakimbilia sebuleni. Baba bado ameganda, mdomo wazi.

"Vipi, mwandishi?" shangazi akaniuliza. "Au na mashine yako inataka utangulizi kwanza?"

Wakacheka. Mimi nilirudi chumbani, nikatoka, nikarudi tena, nikiwa sina pa kuuweka mwili wangu. Nikaisoma upya sheria. Haikuwa na kosa. Ndipo nikaelewa: muunganisho uliokwisha kuanza huendelea na sheria uliyoikuta. Sheria mpya ingemfikia baba pale tu ambapo ningemkata.

"Usimkate," mama akasema, amesimama mlangoni. "Akirudishwa kazini hatumpati tena."

"Nikimwacha hatasikika, mama."

Nikafuta miunganisho yote. Sebuleni kioo cha simu kikawa cheusi. Baba mdogo akampigia, hakupokea. Shehe akatazama saa yake, akaanza kukusanya vitabu vyake. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Simu ikaita.

"Nani kanikatia?" Sauti ya baba ilikuwa safi, na picha pia, kana kwamba yuko uani. "Haya, nisikilizeni upesi." Akatamka, neno kwa neno, kuwa amemfanya mdogo wake wakili wa kumwozesha binti yake. Shehe akaitikia kwa kichwa, akafungua tena kitabu.

Mimi nilikuwa natazama ndevu za baba. Zilikuwa nyeupe zote. Kila Ijumaa, tulipompigia, mama alilalamika kwamba uso wa mumewe hauonekani vizuri, na kila Ijumaa nilimjibu kuwa mtandao wa huko Muscat ni mbovu.

Mama akaisogelea simu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mbona hukuniambia umezeeka?"

"Nilidhani unaniona," baba akasema.