Jumatano Tuliyompanga Baraka

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kilicholowa ndiyo inayonirudisha Observatory, mtaa wetu wa Johannesburg. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa gereji ya nyumba tuliyopanga vyumba viwili vya uani, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Yeoville. Kiangazi, ambacho huko ndicho msimu wa mvua, mvua ya saa kumi ilipoanza kupiga bati, mvuke wa pasi uligoma kutoka nje, ukachanganyika na mafuta ya cherehani na jasho la watu waliojibanza humo kuikimbia radi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikifumua nyuzi kwa wembe, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nikitoka shule: suruali za kupunguzwa, magauni ya kuongezwa na, msimu ule ninaoukumbuka kuliko yote, fulana za timu ya besiboli.

Najua besiboli si mchezo wa kwetu. Sisi tulitoka Bukavu, na huko ukisema mpira, ni wa miguu, basi. Aliyetuletea mchezo huo ni jirani yetu Mzee Themba, mwenyeji wa Johannesburg aliyeumalizia ujana wake uhamishoni. Alipita Morogoro, akamwoa Mama Zuhura. Kisha wakubwa wa chama chake cha ukombozi wakampeleka Kuba kusoma ufundi umeme, akarudi na cheti pamoja na mapenzi ya gongo la kupigia mpira na glovu ambayo hakuna aliyeweza kumtoa. Alikusanya vijana wa mtaa, Wazulu na Wasotho, Wakongo na Warundi, akaunda timu kwenye uwanja wa majani chini ya mtaa wetu na kuiita Korongo. Kaka yangu Baraka, mwenye miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa mrushaji wao. Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja kwenye kilima kidogo cha udongo na kumtupia mpira mpigaji wa upande wa pili, na akiwa hodari, mpigaji hupunga gongo hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Baraka alikuwa hodari. Mpira ulipotoka mkononi mwake ulilia, na ulipoingia kwenye glovu ya mdakaji ulitoa mlio mkavu uliosikika hadi barabarani kwenye robot, ambako wenye magari waliosubiri taa igeuke kijani waliinua shingo kutazama.

Fulana za timu alizishona Baba, zenye vifungo mbele na jina la mchezaji mgongoni. Mchezaji alipoachwa, fulana yake ilirudishwa karakana, nami nikafumua jina lake, Baba akashona la mwingine. Ndiyo maana nilijua habari za kikosi kabla ya wachezaji wenyewe, na nilijiona mtu mkubwa kwa kujua.

Mzee Themba alikuwa akitaja kikosi kila Alhamisi jioni baada ya mazoezi. Kwa hiyo Jumatano mashabiki walikuja kwa Baba kumpangia Mzee kikosi kabla hajakipanga. Aliyeongoza alikuwa Papa Dido, mtu wa Uvira, mlinzi wa lango la shule moja, aliyekuja na sare yake ya kazi na kirungu kiunoni. Mama Zuhura naye alikuja, akidai ameleta nguo ya kurekebishwa. Kila mtu alijua kwamba amekuja kusikiliza mume wake anavyosemwa, na kwa kuwa walijua maneno yatafika, waliyasema kwa sauti zaidi. Walibishana nani aanze kupiga, nani apige wa nne, nani atolewe kabisa. "Ule Kabelo hakimbii," Papa Dido alisema siku moja. "Anatembea kama mtu anaenda kwa padri kuungama. Mtoe!" Mama Zuhura akamjibu, "Jamani, Kabelo ana goti bovu. Wewe lango lenyewe unalifungua umekaa." Tulicheka mpaka cherehani ikasimama. Waswahili husema miluzi mingi humpoteza mbwa, lakini katika karakana ile hakuna aliyeacha kupiga mluzi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa baba yangu.

Nimetumia miaka mingi kumwelewa Papa, kama mimi na Baraka tulivyomwita. Kila baada ya miezi kadhaa Baba alikwenda kupanga foleni ya kuongezewa muda wa karatasi zetu za ukimbizi. Alitoka nyumbani alfajiri amevaa suti aliyoishona mwenyewe, akarudi alasiri sauti yake imekuwa ndogo, akijibu "ndiyo, ndiyo" hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza kitu. Jumatano sauti yake kubwa ilimrudia. Pale kati ya vitambaa aliamua nani aingie na nani atoke, na hakuna aliyemwomba karatasi. Na juu ya yote, jina lililotajwa zaidi lilikuwa la mwanawe.

Mwezi wa pili habari zikaja kwamba wachaguzi wa timu ya vijana ya jimbo watahudhuria mechi yetu ya mwisho, dhidi ya timu ya vitongoji vya kusini. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuzungumza kitu kingine. Baba alianza kushona koti jipya la Baraka la kusafiria, ingawa hakuna aliyesema kuna safari. Mama, ambaye alisuka nywele Yeoville na kurudi vidole vimevimba, alimwombea kila Jumapili kanisani kwa jina. Mkamia maji hayanywi, wahenga walisema, nasi tuliyakamia maji yale kama watu waliovuka jangwa.

Hakuna aliyejua, isipokuwa mimi, kwamba mkono wa Baraka ulikuwa unakufa. Nililigundua asubuhi moja aliponiita nimfunge vifungo vya shati la shule. Alisema ana haraka. Kesho yake akaniita tena. Siku ya tatu nikamwuliza, naye akafunga mlango na kunionyesha kiwiko chake cha kulia. Kwa ndani kilikuwa kimevimba na kilikuwa cha moto. Vidole viwili vya mwisho, alisema, vinaingia ganzi mpaka hahisi mpira. Alizoea kuzungumza Kizulu na rafiki zake na Kiingereza na mimi, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, kama mtu anayeapa: "Usimwambie Papa. Wakishaondoka wale wachaguzi, nitapumzika." Nikaapa. Nilijivunia siri ile, Mungu anisamehe. Ilikuwa mara ya kwanza kaka yangu kunihitaji.

Lakini Mzee Themba alikuwa ameona kitu. Jumatano ya wiki ya mwisho Mama Zuhura aliingia karakana bila nguo ya kurekebishwa. Alisimama tu, kanga mabegani, akasubiri Papa Dido amalize kusema.

"Shemeji," alimwambia Baba, "mume wangu amenituma. Anasema Jumamosi anataka Lwazi ndiye aanze kurusha. Baraka apumzike. Anasema mpira wake umepungua na mkono anaushusha."

Lwazi alikuwa kijana mpya, mrefu, mwenye mpira wa polepole. Karakana ililipuka. Papa Dido alipiga meza ya kukatia kwa kiganja. "Non, non, non! Wachaguzi wanakuja kuangalia nani? Lwazi? Lwazi anarusha mpira unafika kesho!" Wengine wakaitikia. Mmoja akasema Themba anampendelea Lwazi kwa kuwa ni mtoto wa nchi. Mama Zuhura akageuka kama aliyechomwa. "Usimseme hivyo mume wangu. Huyo mtoto wenu anampenda kuliko anavyonipenda mimi." Kisha akamkabili Baba tena, kwa upole. "Wewe ndiye baba yake. Ukisema apumzike, yamekwisha."

Wote wakamtazama Baba. Baraka mwenyewe alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni karibu nami, begi begani, amelishika kwa mkono wa kushoto. Baba alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Nakumbuka alitutazama mmoja mmoja, nadhani hakuwahi kuwa mrefu kama siku ile.

"Mwanangu si glasi," alisema. "Mwambie Themba, kama Baraka haanzi Jumamosi, fulana za timu atafute mtu mwingine wa kuzishona. Baraka, unaumwa?"

"Hapana, Papa. Niko sharp."

Watu walicheka kwa furaha, wakampiga mabega. Alipopigwa la kulia aliuma mdomo. Nilimwona. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Neno moja tu lingetosha, na nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu niliapa, na kwa sababu, niseme kweli, na mimi nilitaka arushe. Nilitaka wachaguzi wamwone. Niliinamisha kichwa nikaendelea kufumua.

Jumamosi hakukuwa na wingu. Wachaguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamekaa kwenye viti vya kukunja na daftari magotini. Raundi mbili za kwanza Baraka aliwatoa wapigaji wote sita wa kusini, na Papa Dido alikimbia kandokando ya uwanja akiimba wimbo wa kanisani. Raundi ya tatu mpira ulianza kwenda pembeni. Mzee Themba alisimama, akatazama upande wetu, akatazama viti vile viwili. Baba akapaza sauti, "Mwache!" na sisi sote tukafuata, mashabiki wote, mikono juu: "Mwache! Mwache!" Mzee Themba akakaa.

Katika raundi ya nne nilisikia mlio. Haukutoka kwenye glovu. Ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Mpira uliruka juu ukaanguka karibu tu, na Baraka akapiga magoti kwenye kile kilima cha udongo, amekikumbatia kiwiko, bila kulia. Mzee Themba alifika kwanza, kisha Baba, ambaye hakujua amshike wapi. Nilipogeuka kutazama upande wa wachaguzi, yule mwanamke alikuwa anafunga daftari lake.

Hospitali tulikaa kwenye benchi siku nzima iliyofuata, na daktari kijana aliyetuona alitueleza kwa huruma kwamba kano ya ndani ya kiwiko imekatika, na kwamba upasuaji wa kuiunganisha hufanyiwa wanamichezo wenye timu kubwa nyuma yao. Alimfunga plasta, akatupa barua ya rufaa ambayo haikutufikisha popote. Baba alisema "ndiyo, ndiyo."

Jumatano iliyofuata mashabiki walikuja kama kawaida. Sikuamini. Walikaa mahali palepale, wakamwuliza Baba hali ya mgonjwa, wakatikisa vichwa, na baada ya muda mfupi tu Papa Dido akasema labda sasa Kabelo ajaribiwe kurusha. Wakaanza kubishana, kwanza kwa aibu, halafu kwa moto wao wa kila siku. Mama Zuhura alikuja wa mwisho. Alikuwa amebeba fulana ya Baraka, imefuliwa na kukunjwa. Timu ilikuwa imepata kijana wa kujaza nafasi, na fulana ilimtosha. Aliiweka mezani, hakumtazama mtu, akatoka.

Baba aliikunjua, akaigusa mgongoni, kisha akanisogezea. Nilifumua herufi sita. Nilianza na ya mwisho. Wabishi walipokwisha kuondoka na mvua kukatika, aliniuliza kwa sauti ndogo ile ya foleni, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa chake.

"Ulijua?"

"Nilijua, Papa."

Hakunipiga wala hakunikemea. Alikanyaga cherehani, akashona mpaka uzi ukaisha, akaendelea kukanyaga bila uzi. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka alipofariki. Majuto ni mjukuu, lakini kwetu yalikuja kukaa kama mwenye nyumba.

Sasa nina miaka inayokaribia ile aliyokuwa nayo Mama wakati huo. Nauza vitenge sokoni Newtown, watoto wangu wananielewa ninaposema Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Korongo ilisambaratika baada ya misimu miwili, Mzee Themba alichoka. Uwanja bado upo, majani yamefika magotini. Baraka analinda duka moja Diepsloot, zamu ya mchana, na mkono wake wa kulia haunyooki wala haukunjiki sawasawa. Hakupata karatasi za kudumu, hakumaliza shule, na hajawahi kunilaumu, jambo ambalo ningelibeba kwa urahisi zaidi kama angelifanya. Mwaka huu Papa Dido alipita kwenye meza yangu sokoni, mzee, amepungua mwili. Tulisalimiana vizuri. Akauliza habari za Baraka, akaguna, akasema, "Eish, mama, mimi nilisema siku ile. Nilisema mtoto apumzike, baba yako hakusikia." Alikuwa anaamini anachokisema. Mama Zuhura aliwahi kunieleza kwamba si yeye peke yake. Kila aliyekuwa karakana siku ile anakumbuka hivyohivyo. Nilimwuzia kitenge cha mkewe, nikamtakia safari njema.

Nilimcheka moyoni kwa wiki nzima. Kisha Jumapili moja tukiwa mezani na bugali, ule ugali wa kwetu, binti yangu akaniuliza mjomba wake aliumiaje. Nikamsimulia mechi, wachaguzi, kelele za watu. "Mimi nilikuwa mdogo kama wewe," nikasikia mdomo wangu ukisema, "lakini nilimwambia babu yako mkono unamwuma." Baraka alikuwa ameketi mbele yangu. Aliinua macho akanitazama kidogo, bila hasira, kama unavyomtazama mtu anayepita. Halafu akainama, akamega bugali kwa mkono wa kushoto, akaendelea kula.